Ng'ombe Sita na Bourse Moja

Djamali, fundi wa pompe za maji pale Kasenga, mjini Uvira, ni mtu wa maneno machache. Mteja akimwuliza bei, anaiandika kwa chaki juu ya pompe yenyewe. Akiulizwa itapona lini, anaonyesha vidole. Mke wake, Mama Tariki, husimulia kwamba siku ya posa maneno yote yalisemwa na mjomba, na kwamba yeye alisikia sauti ya mumewe kwa mara ya kwanza siku ya tatu ya ndoa, tena alikuwa anaomba chumvi. Jambo hili linawashangaza watu, kwa sababu ukoo wa Djamali ni wa wafanyabiashara wa ziwa, watu wa kupaza sauti sokoni tangu enzi za mababu. Ilipofika zamu yake, sauti ya ukoo ilikuwa imekwisha.

Katika karakana yake aliingia Ninahazwe, binti wa Havyarimana, mkulima wa mpunga wa Luberizi. Alikuja kufanya staji, yaani mazoezi ya kazi, ya miezi mitatu baada ya kumaliza shule ya ufundi. Miezi mitatu ikapita, staji ikaisha, karatasi yake ikapigwa muhuri. Kesho yake, saa moja asubuhi, Ninahazwe akafungua mlango wa karakana kama kawaida. Djamali alitaka kumwuliza kwa nini amerudi. Akatafuta namna ya kulianza swali hilo, na alipoipata miaka miwili ilikuwa imeshapita.

Hakujuta. Ninahazwe aliongea na wateja kwa niaba ya wote wawili. Zaidi ya hapo, alikuwa na daftari. Kila kiangazi wakulima wa bonde la Ruzizi walileta pompe zilizoungua, Djamali akazitengeneza, wakaenda kuziweka palepale zilipokuwa, zikaungua tena. Djamali aliona hivyo ndivyo dunia ilivyo. Ninahazwe alipanda pikipiki akaenda kupima: maji yako chini kiasi gani, shamba liko juu kiasi gani, bomba lina upana gani. Aliandika yote. Mahesabu mengine yalimshinda, na hayo aliyachorea duara jekundu. Daftari lilipojaa maduara akasema, "Papa Djamali, minye natafuta bourse. Nende kusoma hii maneno ya maji mpaka mwisho."

Kutafuta bourse, yaani watu wa ng'ambo wakulipie masomo, ni kazi inayotaka moyo. Ninahazwe aliifanya kwenye duka la Bertrand, kijana mwenye kompyuta mbili na jenereta moja. Bourse ya kwanza ilimkataa kwa sababu umri wake ulizidi kwa siku kumi na moja. Ya pili ilitaka atume pesa kwanza, Bertrand akasema hao ni wezi, na alijua kwa sababu walishamla yeye. Ya tatu ilifungwa siku ambayo mafuta ya jenereta yalikosekana. Ya nne ilitaka namba ya posta ya mtaa. Kasenga haina namba hiyo. Bertrand aliandika sifuri tano, kompyuta ikakataa. Akaandika "nyuma ya kanisa, karibu na mfereji", ikakataa. Akaandika namba ya pikipiki ya shemeji yake, ikakubali, lakini jibu halikuja, na huenda lilikwenda kwa pikipiki.

Ya tano ilionekana ya kweli. Shirika moja la ng'ambo lilikuwa linasomesha vijana mambo ya kumwagilia mashamba, miaka miwili, nauli ya ndege ndani. Walitaka barua za watu wawili: mwalimu mmoja, na mtu mmoja aliyemwona akifanya kazi. Mwalimu aliandika kurasa mbili. Akabaki Djamali.

"Sema tu, fundi, minye nitaandika," Bertrand alimwambia, vidole vikiwa tayari.

Djamali alifikiri mpaka jenereta ikabadilisha mlio. "Anajua kazi," akasema.

"Halafu?"

"Anafika saa moja."

"Halafu?"

"Andika asante."

Bertrand akamgeukia Ninahazwe. "Huyu iko anaandika barua ao iko anatuma telegramu?"

Kwa kuvutana hivyo barua ilifika mistari sita, na katika hiyo mistari miwili ilikuwa ya Bertrand. Wakatuma. Ninahazwe akamwambia Djamali kwamba huenda wenye bourse watampigia simu. Djamali akaingiwa na hofu, lakini akajipanga: wakipiga, atakimbia na simu mpaka kwa Bertrand akamtafsirie. Kwa akili yake, bourse ni kitu cha Kifaransa. Haikumwingia akilini kwamba bourse inaweza kuongea Kiswahili.

Hayo yalikuwa hayajatulia alipokuja Bibiche na habari nyingine. Bibiche anauza mikate ya kukaanga na vocha za simu mlango wa pili kutoka karakana, na habari humfikia kabla ya wenyewe.

"Papa Tariki, weye unajua? Kuna mama mumoja mwenye gari, iko anauliza kule Luberizi habari ya binti ya Havyarimana. Ana kijana wa kuoa."

Djamali akaacha kufunga skrubu.

Huku kwetu posa haianzi kwa wazee kukaa na kuongea. Inaanza kimyakimya. Familia ya kijana inamtuma shangazi, mtu mzima mwenye sauti tamu, apite kwa wale wanaomwona msichana kila siku: jirani, muuza mikate, bwana wa kazi. Anauliza kwa siri: tabia yake je, anaishije na watu, ana hasira? Jibu moja baya linatosha. Shangazi anashukuru, anaaga, haonekani tena, na msichana hatajua kamwe kwamba kuna ng'ombe wa mahari waliogeuzwa njiani.

"Watakuja kwako," Bibiche akasema. "Weye njo unamuona kila siku. Wakikuuliza usinyamaze kama ukuta! Ukinyamaza, batasema umekubali."

Djamali hakulala vizuri siku zile. Havyarimana alikuwa mzazi mwema, lakini mbele ya ng'ombe hakuna mzazi anayesubiri barua ya ng'ambo. Akaamua, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kwamba atasema. Shangazi akija, atamsema Ninahazwe vibaya mpaka arudi na ng'ombe wake.

Simu ililia siku ya Jumanne. Ninahazwe alikuwa ameenda Kiringye kufunga pompe, na Djamali alikuwa anajaribisha moteri iliyokuwa inanguruma kama mtu mwenye deni. Simu yake iliwahi kuanguka ndani ya pipa la maji, na tangu siku hiyo inaongea kwa sauti ya nje tu, kila mtu asikie. Alipokea, akasikia sauti ya mwanamke ikisema maneno mengi ndani ya ngurumo. Alipofanikiwa kuzima moteri, mwanamke alikuwa amefika hapa:

"...kuhusu binti Ninahazwe. Nimeambiwa wewe ndiye unayemwona kila siku."

Sauti ya mtu mzima. Sauti tamu. Djamali aliona haya kumwomba aanze upya, na isitoshe, alishamjua.

"Ndiyo, mama," akasema.

"Nina maswali machache juu ya tabia yake. Yatabaki siri kati yetu. Hatutamwambia ulichosema."

Siri! Djamali akafuta mikono, akakaa sawasawa.

"Anaishije na watu?"

"Mubishi, mama. Mubishi kabisa."

"Unaweza kunipa mfano?"

Djamali hakujua kwamba siku hizi shangazi wanataka mifano, lakini mfano alikuwa nao. "Kulikuja injinia mumoja kule Kiringye. Muntu mukubwa, na gari. Akasema pompe iwekwe juu ya kilima. Huyu mutoto akamuambia mbele ya batu bote: injinia, hapa maji haitapanda. Mbele ya batu, mama! Akatoa daftari. Akabishana naye saa mbili, jua kali."

"Ikawaje?"

"Pompe iliwekwa chini."

"Na maji?"

Hapa Djamali alitamani kudanganya, lakini juu ya pompe ulimi wake haukuzoea uongo. "Maji iko inatoka mpaka leo," akakiri.

"Naandika," mwanamke akasema.

Wanaandika! Mambo ya ndoa yamekuwa kama mahakama. Djamali akaongeza nguvu. Akasema kwamba Ninahazwe akipewa ugali kuuangalia, unaungua, kwa sababu mkono mmoja umeshika mwiko na mwingine kitabu. Akasema kwamba jambo likimshinda haliachi: siku moja alifungua pompe ile ile mara kumi na nne, hakula, hakumsalimu mtu, na ilipopona akaifungua tena ajue imeponaje. "Sasa mama, nani anaweza kukaa na muntu kama huyo?"

"Nimekuelewa, baba. Swali la mwisho. Ataweza kuishi mbali na kwao? Na familia yake imeridhia?"

Djamali aliona sasa ndipo pa kufunga mlango na kutupa ufunguo.

"Mama, minye nakuhurumia. Usipoteze mafuta ya gari. Huyu ameshaposwa. Ng'ombe sita iko kwa baba yake. Arusi ni mwezi ujao."

Kalamu ikasikika ikikwaruza karatasi.

"Basi hataweza kusafiri," mwanamke akasema polepole.

"Hata Bukavu hataenda."

"Nakushukuru kwa kusema ukweli, baba."

Djamali aliweka simu chini. Hajawahi kusema maneno mengi namna hiyo kwa siku moja, wala kwa mwezi. Mchana alimweleza Mama Tariki yote, hata sauti ya shangazi aliiigiza kidogo, na Mama Tariki, kwa furaha, akampa kichwa cha samaki ambacho kwa kawaida hula mwenyewe.

Kesho yake, baada ya saa nane mchana, Ninahazwe alirudi kutoka Kiringye akiwa amejaa tope mpaka magotini na anacheka.

"Papa Djamali! Bwana Bertrand amenifungulia barua. Nimefika mu watu kumi wa mwisho! Halafu Madamu Délice, ule wa bourse, alisema iko anapigia simu wale wawili walioniandikia. Mwalimu wangu alishapigiwa. Anasema ni mama wa adabu kabisa, Kiswahili yake ni kama ya redio."

"Kiswahili?" Djamali akauliza.

"Eh, Kiswahili. Walimutafuta kusudi aongee na batu wa huku wasiojua Kifaransa. Akamuuliza mwalimu naishije na batu, kama nitaweza kukaa mbali na kwetu..."

Djamali alikaa juu ya moteri. Moteri ilikuwa imetoka kuzimwa sasa hivi. Akasimama haraka kuliko alivyokaa.

"Papa, uko mugonjwa?"

"Ng'ombe," Djamali akasema.

"Ng'ombe gani?"

"Sita."

Akamweleza, kwa maneno machache kuliko ya jana, akiangalia sakafu. Ninahazwe hakupiga kelele. Yeye, aliyembishia injinia saa mbili juani, alianza kujibandua tope magotini, na hilo lilimwumiza Djamali kuliko kelele. Mwishoni akasema, "Papa, wanakaa leo kuchagua. Saa kumi."

Saa ilikuwa tisa na robo.

Djamali alitoka mbio. Watu wa mtaa walisimama kutazama, maana hawakuwahi kumwona fundi akikimbia. Vocha ya kupiga ng'ambo iko kwa Bibiche, na kwa Bibiche saa ile kulikuwa na watu saba waliosubiri mikate ya moto. Hakukuwa na wakati wa kutafuta mahali pa siri. Bibiche akaingiza vocha, Ninahazwe akapiga namba ya jana, simu ikaita kwa sauti ya nje, na watu saba wakanyamaza kwa adabu ya watu wanaotaka kusikia vizuri.

"Halo?"

Djamali akaangalia watu. "Ni minye," akasema. "Muntu wa ng'ombe."

"Baba Djamali?"

"Ng'ombe haiko."

"Samahani?"

"Ng'ombe sita. Haiko. Hata moja. Arusi nayo haiko. Nilikudanganya."

"Lakini kwa nini, baba?"

Djamali akawapa watu mgongo. Bibiche akampiga bega kwa kitambaa cha mikate. "Sema, Papa Tariki! Vocha iko inakwisha!"

"Nilizani weye ni shangazi ya bwana-arusi," Djamali akasema.

Watu saba wakaangua kicheko. Simuni ikasikika sauti ya ajabu, ya kukatika katika, na Djamali akadhani mtandao unakufa. Ilikuwa ni Madamu Délice. Alipoweza kuongea tena, Kiswahili cha redio kilikuwa kimemtoka.

"Papa, minye nilizaliwa Baraka, ku ziwa yenu ileile. Hiyo kazi ya kuuliza wasichana, shangazi zangu bote banaifanya. Jana niliona ng'ombe zimeingia mu bourse, nikasema sasa dunia imeharibika." Halafu akatulia. "Lakini sikiliza. Muntu aliyenidanganya jana, leo niandike nini? Ya injinia, nayo uongo?"

"Hapana. Hiyo ni kweli."

"Ya kufungua pompe mara kumi na ine?"

"Kweli."

"Na bugali?"

"Inaungua kabisa."

"Papa!" Ninahazwe akalalamika.

"Basi niambie, huyu akienda, weye unapata nini?"

Djamali akamtazama Ninahazwe, na tope lake, na daftari lililotokeza mfukoni. Huku kwetu mtoto wa mtu hasifiwi usoni mwake, tena mbele ya watu, wanaweza kumwona kwa jicho baya. Alitafuta njia ya kupita pembeni.

"Sipati kitu," akasema. "Nitabaki peke yangu na wateja, na minye sijui kuongea nao. Lakini, mama, kila kiangazi natengeneza pompe zile zile. Zinakuja, zinaenda, zinakuja. Ile ya Kiringye, yeye njo alisema iwekwe wapi. Miaka miwili haijarudi kwangu. Haijarudi hata mara moja. Minye ni fundi, nimepoteza muteja. Nataka anipotezee bote."

Hakuna aliyecheka. Bibiche alisahau mikate yake kwenye mafuta. Simuni Madamu Délice akaanza, "Sasa Papa, minye nita..." na vocha ikaisha.

Wakaingiza nyingine, mtandao ukakataa. Wakapanda juu ya kiti, ukakataa. Saa kumi ikafika, ikapita.

Walingoja siku kumi na sita. Djamali alirudia kunyamaza, na safari hii hata chaki aliishika kwa shida. Ninahazwe alifanya kazi bila kuimba. Siku ya kumi na saba Bertrand alikuja mbio na karatasi iliyotoka kwenye mashini sasa hivi, wino haujakauka, akamwelekezea Ninahazwe mstari wa kwanza kwa kidole kilichoacha alama. Amepata. Miaka miwili, nauli ndani. Walitaka kitu kimoja tu tena: mzazi atie saini kwamba anajua safari hiyo na ameikubali, kabla ya Ijumaa.

Havyarimana hakungoja kutafutwa. Wale watu saba wa mikate walikuwa na ndugu barabara nzima ya kwenda Bukavu, na habari ilipofika Luberizi ilikuwa imechujwa vizuri: fundi Djamali wa Kasenga amekubali posa ya Ninahazwe, na ng'ombe sita wako kwake. Alhamisi asubuhi mzee alishuka kwenye pikipiki mbele ya karakana. Begani alikuwa na kamba sita.

"Fundi," akasema, akichungulia nyuma ya nyumba, "ng'ombe zangu iko wapi?"

Djamali akamwonyesha Ninahazwe kwa kidole. Ninahazwe akamkalisha baba yake, akamweleza kwa Kirundi tangu mwanzo, akamsomea karatasi mara mbili. Mzee alisikiliza kamba zikiwa magotini. Ninahazwe alipomaliza, mzee akarudi kwenye Kiswahili, ili na fundi asikie.

"Kwa hiyo ng'ombe haiko."

"Haiko, Papa."

"Na bwana haiko."

"Haiko. Ule mama wa gari alishapata binti mwingine kule Sange."

"Iko karatasi."

"Iko karatasi, na ndege, na shule. Halafu narudi, napima mashamba ya bonde lote. Nitaanza na yako."

Havyarimana alizitazama kamba zake, moja moja, muda mrefu. Djamali, aliyeona bourse inaning'inia kwenye mkono wa mzee yule, akasogeza karatasi karibu naye. Mwisho mzee akaomba kalamu. Bertrand, aliyekuja kungoja saini hiyo, akampa. Akaiinamisha juu ya karatasi, kisha akaiinua tena, akamgeukia Djamali kwa uso mkali.

"Lakini fundi, nikuulize. Mutoto wa kushinda injinia. Mbele ya batu bote ba Kiringye. Nani alikuambia sita?"

Djamali alitafuta jibu. Safari hii hakuchukua miaka miwili.

"Moteri ilikuwa iko inapoa, muzee. Nilikuwa na haraka. Ningepata wakati, ningesema kumi."

"Kumi na mbili," Havyarimana akasema, akatia saini kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi, na Bertrand akalazimika kurudi dukani kuchapisha nyingine.